Kidawa na Mposaji wa Chole

Habari zilipofika kijijini Kanga kwamba Matano, fundi wa vyombo vya baharini kutoka Chole, anakuja kumposa, Kidawa alishindwa hata kusuka ukili wa mkeka wake. Alikuwa mtu mzima, ameshaolewa na ameshaachwa, na ndoa ile ya kwanza aliingia bila kuwahi kumsikia mume akisema neno. Safari hii alimwambia shangazi yake, Bimkubwa, waziwazi:

"Siposwi na mtu nisiyezungumza naye."

"Wee! Mwari gani huzungumza na mposaji?"

"Mimi si mwari. Nitakaa nyuma ya pazia, nawe uko papo hapo. Haramu iko wapi?"

Bimkubwa alikubali shingo upande. Hapo ndipo Kidawa alipoanza kuhangaika. Nikitangulia kusema, ataniona sina haya. Nikinyamaza, ataniona bubu. Na hii sauti yangu nzito? Alijaribu salamu peke yake jikoni, mara laini, mara kavu, mpaka kuku wakatoka mbio. Siku yenyewe alivaa leso, akaivua, akavaa nyingine, kisha akakumbuka kwamba mgeni hatamwona. Akajicheka.

Matano alifika baada ya alasiri, akakaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bimkubwa, na hakunyamaza tena. "Kidawa wetu hana makuu. Utakapompeleka, atakwenda."

Nyuma ya pazia, Kidawa alisikia yote. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamempotea. Lakini hivi ndivyo alivyoozwa mara ya kwanza: wengine wakimsemea, yeye kimya. Akakaza moyo.

"Shangazi, niwie radhi. Bwana Matano, mama yangu amelala humu ndani, miguu haimchukui. Namuuguza mimi. Nikienda Chole, yeye je?"

Sauti ilitoka nzito vilevile kama alivyohofia. Matano akakohoa.

"Sijui, bibi. Nilijiandaa kwa maswali mengi, hili sikuliwaza. Nikikujibu sasa nitakudanganya."

Kidawa alikuwa tayari kwa ndiyo, na kwa hapana. Kwa "sijui" hakuwa tayari. Lakini yule mume wa kwanza hakukosa jawabu hata siku moja, na yote yalikuwa uongo.

"Basi kawaze. Jawabu lolote, lilete mwenyewe."

Mgeni alipoondoka, Bimkubwa alimshukia: "Umemfukuza!" Kidawa alikosa usingizi, akajilaumu, akajitetea, lakini hakutuma mtu kumwita.

Mwezi ulipoandama, Matano akarudi.

"Chole sihami, kazi yangu iko kule. Ila nyumba naiongeza chumba. Mama yako na aje nasi, kama mwenyewe yu radhi."

"Kina mlango wa uani? Hapendi kupita mbele za watu."

"Nitautoboa."

Kidawa akaenda kwa mama yake, wakanong'ona kitambo. Aliporudi nyuma ya pazia, hakungoja kusemewa.

"Shangazi, mama yu radhi. Sasa semeni ya kwenu, ya mahari. Sisi yetu yamekwisha."