Pilipili Ameota

Jerioth alipohamia Kisauni, alimuuliza jirani yake swali ambalo huko kwao bara huulizwa kila mwanamke, wala halina ubaya.

"Wewe ni mama nani?"

"Salme," akajibiwa. "Salme tu."

Jerioth, ambaye mumewe Dishon alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha simiti Bamburi, akaenda zake akinung'unika kwamba watu wa pwani wana maringo. Maringo yatoke wapi, jamani? Salme hakuwa na mtoto wa kuitiwa jina, basi.

Urafiki wao ulianzia kwenye debe. Masika yalikuwa yamekaribia, na Salme alikuwa amekata debe la mafuta ya taa ubavuni, akalitoboa chini kwa msumari, akalijaza udongo aliouchekecha na samadi ya mbuzi. Humo akasia mbegu za pilipili alizozichanganya na jivu ili zisichukuliwe na sisimizi, kisha akalifunika kwa kipande cha kuti. Jerioth, aliyezoea shamba la jembe na mgongo, alichungulia uani akacheka.

"Sasa hii ni shamba ama ni kitanda ya mtoto?"

Salme hakucheka. Lakini alimpa mbegu, na akamwonyesha namna ya kunyunyiza maji kwa kopo lenye matundu, polepole, mbegu zisije zikazama. Haukupita muda Jerioth akaja mbio, kanga inamponyoka.

"Salme! Pilipili yangu ameota!"

"Ameota ndoto gani?" Hapo Salme aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Shoga, pilipili si mtu! Mtu ndiye ameota. Pilipili imeota."

"Nyinyi watu ya hapa, hata mboga munawekea sheria!"

Ikawa ndio mchezo wao. Jerioth akisema nyanya amekauka, Salme humuuliza maziko ni lini. Wallahi, uwanja ule uliona kicheko ambacho haukuwahi kukiona kabla.

Mchicha na bamia Salme alizipanda kando ya ua, nyanya na biringani mbele ya mlango. Pilipili zilikuwa na mahali pamoja tu, tuta fupi nyuma ya jiko. Na kila mwaka mvua zikikaribia aling'oa za mwaka uliopita, hata kama zimejaa matunda, akapandikiza miche mipya.

"Mbona unang'oa mti inazaa?" Jerioth aliuliza.

"Usiseme mti!" Salme alimkatiza kwa ukali, kisha akatazama barabarani kama kuna aliyesikia.

Maana nyumba ilikuwa ya Salme na mumewe, lakini ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekaa mjini, na sharti lake lilijulikana na kila mpangaji: mboga ruhusa, mti marufuku. Mti una mizizi, na mwenye mizizi kesho atadai shamba. Pilipili nayo ukiiacha miaka miwili mitatu hugeuka kuni. Kwa hiyo Salme alianza upya kila masika, na Jerioth akaridhika na jawabu hilo. Lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu.

Nusu ya pili ililala chini ya tuta. Salme aliwahi kujifungua kabla ya miezi kutimia, na mtoto hakulia. Mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa mkunga, alimviringisha kwa kitambaa cheupe cha bafta akamzika pale nyuma ya jiko kabla ya adhuhuri. Hakuadhiniwa, hakupewa jina. "Asiyekuja na sauti hakuja, mwanangu," bibi alisema, na pengine alidhani anafariji. Mwinyihaji, mume wa Salme, alirudi kutoka bandarini akaambiwa, akainamisha kichwa, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo lile. Salme angetaka kumpandia asumini. Lakini asumini huota shina, naye aliogopa. Akachagua pilipili, kwa kuwa hakuna achezaye penye pilipili. Kila alipopandikiza, jioni jua likipoa, alikuwa akishindilia udongo kwa kiganja taratibu, kama umlazavyo mtoto. Hayo ndiyo yalikuwa malezi yake yote, na mwaka mzima aliyangoja.

Masika ya mwaka ambao kila mtu alizungumzia Uhuru, wenye mashamba walianza kuuza. Mzee Yeslam, msimamizi wa tajiri, akaja na vigingi na kamba kupima viwanja. Hakuwa mtu mbaya. Alibisha hodi, akaamkiwa shikamoo akaitika marahaba, akaulizia afya ya kila mtu. Salme alikuwa amechuchumaa tutani, miche ya debe iko mikononi, na Jerioth akimchotea maji.

Mzee akavuta kamba, akirudi kinyumenyume, macho yako kwenye kigingi. Kisigino cha kiatu chake kikafika ukingoni mwa tuta.

"Usimkanyage!" Salme alipiga ukelele.

Mzee Yeslam akasimama. Akatazama miche, akalitazama tuta lile fupi. Akamtazama Salme.

"Usimkanyage nani?"

Ingekuwa Jerioth ndiye aliyesema, mzee angecheka akaendelea na kamba yake. Lakini alikuwa ni Salme, aliyezaliwa na kulelewa papo hapo. Herufi moja tu ilimponyoka, na siri ya miaka yote ikatoka nayo. Jerioth hakuwa akijua lolote, lakini aliona uso wa rafiki yake, akarukia katikati.

"Mzee, ni mimi! Ni mimi nimemharibia Kiswahili! Sisi bara pilipili ni mtu, nyanya ni mtu, hata sufuria!"

"Ahsante, mama," mzee alisema kwa upole. "Lakini mtu hasahau ulimi wake kwa ujirani." Akavua kofia, akakaa kitako pale pale mchangani. "Mwanangu, mti ningeufumbia macho. Kaburi siwezi. Mnunuzi hanunui kaburi. Mtoeni mkamzike makaburini."

Jerioth na Salme ndio waliochimba, alasiri, Mwinyihaji amesimama nyuma yao na bafta mpya mkononi. Walichimba hadi magotini, halafu hadi kiunoni. Hapakuwa na kitu. Si mfupa, si uzi wa bafta. Kulikuwa na udongo mweusi na mizizi ya pilipili, myembamba, imesukana.

"Yuko wapi?" Salme aliuliza. "Mwinyihaji, mwanangu yuko wapi?"

Ndipo Mwinyihaji alipolia, kwa sauti, mara ya kwanza. Bafta ilibaki kwenye kunjo zake. Nani angezika udongo?

Salme aliuzika. Aliuchota kwa mikono ule uliokuwa chini kabisa, akaujaza kwenye debe la miche.

Shamba lilipouzwa, Salme na Mwinyihaji walihamia Changamwe, chumba kimoja, mlango wazungumza na mlango, hakuna uwanja wa kupanda hata kitunguu. Debe likakaa kizingitini, limefunikwa kuti. Jerioth alipokuja kuwatembelea mvua zilikuwa zimeanza, naye aliogopa kuuliza habari za lile debe. Mwishowe aliinama juu ya kuti, na ulimi ukamponyoka kama kawaida yake.

"Ameota?"

Alijiziba mdomo. Salme akafunua kuti, akamwonyesha vichipukizi viwili vya kijani, bado vimevaa maganda ya mbegu kichwani.

"Ameota, shoga," alisema. "Ameota."