Ushuhuda wa Tukuswiga

Tukuswiga alipoteremka kutoka Mbebe kwenda kukaa kwa bintiye Brenda mjini Tunduma, magoti yalikuwa yamemshinda. Miaka hamsini ya kupanda milima ya Ileje na mzigo wa kuni kichwani si mchezo. Brenda, aliyekuwa akiuza vidonge vya glukosamini vya maumivu ya viungo, akamwanzishia kopo la kwanza. Wiki tatu za kumeza vidonge na kukaa bila kushika jembe, maumivu yakatulia. Mama akasimama kanisani, akashuhudia kwamba fimbo yake ya kutembelea ameitupa. Hakusema uongo, siku ile ilikuwa kweli.

Brenda akamrekodi akichuchumaa na kuinuka kama msichana. Video ikazunguka kwenye simu za watu hadi Ndalambo na ng'ambo ya mpaka.

Mvua zilipoanza, maumivu yakarudi, makali kuliko mwanzo. Akaomba fimbo.

"Fimbo tena, mama?" Brenda alishtuka. "Watu wakikuona nitawaambia nini?"

Tangu hapo Tukuswiga hakutoka nje. Chooni alikwenda kwa kushika ukuta. Wageni wakibisha hodi, aliwahi kiti, akatabasamu, huku akimwomba Mungu wasije wakamwambia asimame. Aliwaza kurudi Mbebe, lakini gari huishia bondeni, na kutoka hapo hadi kwake ni mwinuko wa saa nzima.

Jumamosi moja Brenda akakusanya akina mama sebuleni. Miongoni mwao alikuwamo Enesi, aliyeimba kwaya na Tukuswiga tangu usichana wao. Alikuwa amesafiri kutoka Mbebe kwa ajili ya ile video, akichechemea.

"Mama, hebu waonyeshe," Brenda alisema.

Tukuswiga akachuchumaa. Kushuka alishuka, kuinuka ndiko kulikogoma. Alishika mguu wa meza, jasho likamtoka.

"Nishikeni," akasema. "Yanauma. Hayakupona, Enesi, yalitulia tu. Usinunue kwa ajili yangu."

Bado alikuwa chini sakafuni, lakini kifua chake kilikuwa chepesi, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa miezi.

Brenda akapiga magoti kando yake, akampangusa jasho kwa upindo wa kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akawageukia wageni.

"Mmeona wenyewe? Hapo ndipo dawa inapambana na ugonjwa. Yakiuma namna hii, ujue mizizi inang'oka."

"Kweli kabisa," mama mmoja akaitikia. Mwingine akasema amina.

"Nimesema asinunue!" Tukuswiga alipaza sauti.

"Umechoka, dada yangu," Enesi alimwambia kwa upole. Akamshika kwapani, wakainuka pamoja taratibu, wote wawili wakiguna. Akamketisha kitini, akamtandikia mto mgongoni. Halafu akafungua fundo la kitenge chake, akamwomba Brenda makopo mawili.