Mota za Waipa

Mdogo wangu Fayaz akisikia nasimulia haya atasema nna uchungu. Naam, nnao, tena umenijaa mpaka kooni!

Baba yetu, Mzee Rehmtulla, alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Alipokuwa mzima, kila Ijumaa alifunga duka letu la cherehani, akapanda Vespa yake na marehemu mama nyuma, wakaenda Kidichi kutembea. Baada ya maradhi hataki kula, hataki kusemeshwa, anatazama ukuta tu. Nkajisemea, huyu nsipomtoa kitandani atanifia.

Nkaivua Vespa magurudumu, nkaipandisha juu ya fremu ya chuma sebuleni, mbele ya televisheni. Njia ya Kidichi nliipiga video kwa simu. Zikabaki mota za kuilaza Vespa kila njia inapokata kona. Nlijaribu za cherehani: mbio nyingi, nguvu hamna. Basi nkaenda gereji, nkachomoa mota za waipa kwenye gari bovu. Mafundi walinicheka. Lakini gia ya mota ya waipa haisukumiki kwa nje. Umeme ukikatika, inaganda pale pale ilipo. Na umeme wetu mnaujua. Kontrola nayo, kile kisanduku cha kuziamrisha mota, nkaipanga iende polepole, maana mpandaji mgonjwa.

Siku ya kwanza nlimfungia mto mgongoni. Tulipofika kwenye mikarafuu, Baba akaegemea kona mwenyewe, akacheka.

"Sukaina, shika vizuri," akasema.

Sukaina ndiye mama. Nlikimbilia jikoni nkalia. Mchana ule Baba alikula wali sahani nzima.

Mara Fayaz, nliyemsimulia habari za Vespa kwa simu, akaja kutoka Dubai kututembelea. Akaitazama Vespa, akaguna.

"Waipa! Da Insiya, Baba kawa kioo cha gari?"

Akafungua begi, akatoa mota na kontrola za viti vya michezo ya magari ya kwenye kompyuta. Kweli, zilikuwa nzuri, nyepesi, zinakwenda kama umeme wenyewe.

"Zina breki?" nkamuuliza. "Umeme ukikatika zitalegea, Vespa italala na Baba juu yake."

"Vespa imesimama ndani ya nyumba, breki ya nini?"

"Usizifunge, Fayaz. Nakwambia mbele ya Baba."

Baba akainua mkono wake mzima. "Mwache ndugu yako, katoka mbali."

Siku ya pili nlikuwa Mkokotoni, natengeneza cherehani ya mteja. Nliporudi nkakuta majirani wamejaa mlangoni. Fayaz alikuwa kazifunga mota zake, kaita na marafiki waje waone. Wanasema mwanzo Baba alipiga kelele za furaha. Kisha umeme ukakatika katikati ya kona, mota zikalegea, Vespa ikalala kushoto, upande ambao hana mkono wa kujizuia. Akavunjika nyonga.

Hospitali daktari akauliza nani katengeneza chombo hicho.

"Dada," Fayaz akajibu, macho chini.

Lahaula! Nlifoka, wodi nzima ikanisikia. Nkaeleza mota za nani, nani alikatazwa, na mbele ya nani. Baba alikuwa akinisikiliza. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Wetu kaja, mwenyeji kavunjika, naye akapanda ndege akaenda zake.

Mota zake nimezifungua, zile za waipa nimezirudisha. Vespa nimeipiga rangi upya, samawati ileile aliyoipenda mama. Leo asubuhi nkakaa kitandani kwa Baba na bakuli la uji.

"Baba, Vespa tayari. Nyonga ikishaunga twende Kidichi, nitakupeleka polepole."

Akageuza uso ukutani.

"Chombo chako kishaniangusha, Insiya. Ntamngoja Fayaz aje anitengenezee."