Isionekane

Honorata aliletwa Bariadi na barua ya serikali, miaka kumi na mmoja iliyopita, awe afisa ugani wa pamba, na kusema kweli hakuna aliyemwuliza kama anaitaka hiyo pamba. Alitoka Muleba, kwenye migomba. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa, na ndugu zake walibaki kuwa sauti za kwenye simu: pole dada, tunakuombea, salio linaisha. Saratani ya tumbo ilipomkamata, mtu aliyekuwa naye duniani alikuwa mmoja tu, jirani yake Milembe, mama wa Kisukuma mwenye maneno mengi na mkono mzito wa chumvi.

Milembe ndiye aliyempikia uji. Ndiye aliyemshikia beseni akitapika, akafua mashuka bila kukunja uso, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Honorata aliogopa jambo moja kuliko yote, na alilisema wazi.

"Dada, nisije nikafa peke yangu humu ndani."

"Koma!" Milembe alimjibu. "Nani anakufa? Kunywa uji."

Dawa za dripu alishapewa huko Mwanza, awamu baada ya awamu, na uvimbe ukakaidi. Likabaki tumaini moja. Daktari wake, kijana mpole aitwaye Ansbert, alimweleza taratibu. Seli za mwili haziishi kwa kujiamulia, zinapokea amri, na juu ya kila seli kuna protini za kuzipokea amri hizo: kua, gawanyika, usife. Kwenye saratani za watu wachache, protini moja iitwayo HER2 imejazana kupita kiasi, amri inaingia mchana na usiku, na seli iliyopaswa kufa haifi.

"Hao wana nafuu," alisema Ansbert, "kwa sababu ipo dawa ya kwenda kuikalia hiyo protini, amri isipite. Kama kwako haipo, dawa haina pa kushika. Uvimbe wako utakuwa unapata amri kwa njia nyingine."

Kipande cha nyama kikakatwa, kikaenda maabara, na mwanamke wa watu akarudi Bariadi akiomba ugonjwa wake ukutwe na kitu zaidi. Haya, kamweleze mtu hilo akuelewe!

"Omba ionekane," alimwambia Milembe. "Ikionekana ndiyo kuna dawa."

"Eti nini?" Milembe aliweka sufuria chini. "Nimwombe Mungu akuongezee mdudu? Mdogo wangu, hiyo ni homa inaongea. Malaria ikionekana, tunafurahi?"

Honorata alijaribu tena mara mbili, akachoka. Mtu aliyetapika tangu asubuhi hana nguvu za kufundisha.

Jumatano jumuiya ndogo ndogo ilikusanyika nyumbani kwake. Milembe, ambaye ndiye mwenyekiti, akafumba macho.

"Kwa ajili ya dada yetu Honorata, ile protini isionekane, isionekane hata chembe, ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" waliitikia watu kumi na wanne kwa nguvu.

Honorata naye aliitikia. Angefanyaje, awakatize watu na Mungu wao? Lakini moyoni alikuwa anaomba kinyume, mmoja dhidi ya kumi na wanne, na alipowahesabu akaingiwa na baridi.

Majibu yalikuja Jumatatu, saa nane mchana. Simu ya Honorata haikusikika mpaka uiweke sauti ya juu, kwa hiyo Milembe, aliyekuwa mlangoni akichambua maharage, alisikia naye.

"Dada Honorata, majibu yametoka," alisema Ansbert. "Ile protini haipo."

Mama weee! Ungo ulikwenda huku, maharage kule. Milembe alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakatimka. "Haipo! Wabeja, asante Mungu wangu, wabeja!" Na hapo hapo akatoka mbio kuwapa watu habari.

Daktari akauliza, "Nani huyo?"

"Jirani yangu. Anafurahi."

"Hujamweleza?"

"Nitamweleza."

"Pole sana, dada. Dawa za maumivu tutakupa, hutateseka. Ila miezi hii usikae peke yako. Uwe na mtu."

"Ninaye," alisema Honorata.

Alikusudia kumweleza jioni ileile. Kweli kabisa alikusudia. Lakini jioni Milembe alikuja na kuku wa kupika, akicheka na kulia kwa pamoja, akasema jambo ambalo hakulisema miezi miwili yote.

"Sasa naweza kwenda shambani Kimali. Pamba yangu imepasuka siku nyingi, inadondoka chini, na shemeji yako anavuna peke yake na mgongo wake ule. Sikutaka kukuambia. Ningekuachaje?"

Honorata alishindwa kumtazama. Miezi miwili! Yeye, afisa ugani, anajua pamba iliyopasuka ikiachwa inakuwaje, na hakuwahi kuuliza. Alijionea aibu. Akisema ukweli, Milembe atabaki, shamba lioze lote. Na atajua kwamba aliomba kinyume, akawaombisha na wenzake. Atajilaumu bure tu, maana nyama ilishakatwa kabla hajaitikia mtu, na maombi hayakubadilisha kitu. Lakini nenda kamwambie Milembe asijilaumu, uone kama atakusikia.

Asubuhi Milembe alisimama mlangoni na begi lake.

"Wiki tatu tu. Nikirudi nikukute umenenepa."

"Dada," Honorata aliita.

"Ee?"

Usiende. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Alilitaka neno hilo kuliko alivyoitaka ile dawa.

"Iliyodondoka usiichanganye na safi," alisema. "Vuna kwa mifuko miwili."

Milembe akaangua kicheko, akapiga makofi. "Mtaalamu amepona kweli!" Akajitwika begi, akaenda.

Honorata alishikilia mlango mpaka khanga yake ilipopotea kwenye kona. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anapita na ndoo.

"Mwangaluka, mama. Tumesikia! Hongera sana!"

"Ahsante," alisema Honorata.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa sauti, maana hapakuwa tena na wa kumsikia.