Bibi na Mtihani wa Udereva

Bibi yangu alifeli mtihani wa udereva mara sita, na kila alipousimulia aliitaja idadi hiyo kwa maringo, kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake.

Alihamia nchi hii akiwa mjane wa miaka thelathini na moja, mama yangu mgongoni, lugha ya hapa haijui hata salamu. Akapata kazi chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi mashuka miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Mama Pasi. Kwa mashuka hayo akamsomesha Mama mpaka akawa muuguzi, hospitali hiyohiyo, ghorofa mbili juu ya mvuke wake.

Mimi nilizaliwa na kasoro mguu wa kulia. Nikiwa na miaka saba nilifanyiwa upasuaji, daktari akaagiza mazoezi mara tatu kwa wiki, kliniki iliyo upande wa pili wa mji: mabasi mawili, na katikati yake kituo chenye ngazi kama za kwenda mbinguni. Mama alibanwa na zamu. Baba alikuwa safarini na lori lake. Bibi alipotoka kazini mchana, alinibeba. Wiki ya pili mgongo ukamgomea. Tukakaa hapohapo kwenye ngazi, yeye anahema, mimi nalia nikidhani nimemvunja.

"Nyamaza, mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, marehemu Babu akiwa mume wetu sote. "Nitajifunza gari."

Mama aliposikia alicheka. Alipoona Bibi hacheki, akaacha. Baba akashauri tungoje kidogo. Bibi akamuuliza kwa upole kama mguu wa mtoto nao utangoja.

Alama za barabarani nilimsomea mimi, mezani jikoni, mguu wangu juu ya mto. Mwalimu wake wa udereva alikuwa mama mpole aliyeshikilia kishikio cha mlango kuanzia mwanzo wa somo hadi mwisho. Mtihani wa kwanza gari lilizimika getini. Wa pili aliwapisha wapita njia wote, hata waliosimama kupiga soga tu. Wa nne alimwona mwenzake wa kazini ng'ambo ya barabara, akaachia usukani ampungie mkono, akamuuliza na habari za nyumbani. Wakati huo wote tuliendelea na mabasi, ngazi tatu, pumziko moja.

Baada ya mara ya sita alijifungia bafuni, akafungua bomba tusimsikie akilia. Mama akasimama mlangoni.

"Mama, inatosha. Umejitahidi."

Bomba likafungwa. "Uliposema uuguzi umekushinda, mimi nilikwambia inatosha?"

Mama alirudi jikoni, akapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mara ya saba, mtahini ni yuleyule wa mara zote sita, mzee wa uso mkavu. Walipoegesha, Bibi akamuuliza arudi lini. Mzee akajibu kwamba asirudi tena. Bibi akashuka machozi yakimlengalenga, akijua amefukuzwa, mpaka mwalimu alipomshika mabega na kumweleza kwamba amefaulu.

Akanipeleka kliniki miaka mitatu, polepole, magari yakitupigia honi nyuma. Mguu ukanyooka, nikatembea. Yeye hakuacha ile njia. Aliendelea kuwabeba watoto wengine ambao mama zao walibanwa na zamu, na mimi nikawa nanuna kwa wivu kuona kiti changu kimekaliwa. Aliendesha hadi macho yalipopungua nguvu, ndipo akamkabidhi Mama funguo bila kuambiwa.

Mwezi uliopita alitutoka, akiwa na miaka themanini na mbili. Baada ya maziko, mimi na Mama tulikaa chumbani kwake tukikunja nguo zake.

"Ulijua kwamba alikuwa anaogopa?" Mama akaniuliza.

"Anaogopa nini?"

"Gari. Siku zote. Alinikataza nisikwambie."

Nikabaki na gauni lake mkononi. Safari zote zile, mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimelala fofofo.