Chuma cha Kufungia Injini

Watu wanasema nimekuwa mkali tangu niugue. Waongo. Nilikuwa mkali tangu zamani, ila kazi zilikuwa nyingi, hasira zikakosa nafasi. Sasa nafasi ninayo tele. Nakaa kwenye kiti mlangoni, mkono wa kushoto umelala pajani utadhani wa mtu mwingine, na mke wangu anafagia mpaka miguuni kwangu na kuniambia, "Inua."

Kiharusi kilinikuta ndani ya boti, peke yangu, nyavu zikiwa majini. Wenzangu wa boti nyingine waliniona nazunguka palepale na kasia moja, wakanivuta hadi nchi kavu. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi, tena mke wangu anasema ulirudi na faida. Mkono ndio uliogoma. Na boti yangu ni ya makasia, na makasia ni mawili. Nilikuwa nimekwisha, wala sikuhitaji daktari wa kuniambia.

Halafu nikapata injini. Mwenzangu mmoja aliacha uvuvi akahamia kwa binti yake, akaniachia ya kwake, kuukuu lakini inawaka. Jamani, siku ile nililia. Injini inataka mkono mmoja tu, na wa kulia ninao! Kilichobaki ni kitu kimoja. Boti za zamani hazikuundwa kwa ajili ya injini, ubao wa nyuma uko juu mno. Lazima ufunge chuma kinachotokeza nje, injini ikae hapo, na chuma chenyewe kishikwe na bolti zinazopenya ubao hadi ndani. Ubao ukiwa mzima, wewe umerudi kazini. Ukiwa umeoza, injini itaung'oa na kuondoka nao, wewe ubaki unaoga.

Fundi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, anachomelea vyuma na kuranda mbao, na nimemlea tangu ana makamasi. Nikamwambia, "Mwanangu, nifungie chuma, nirudi majini."

"Hiyo kazi ndogo, baba mdogo," akasema. Akapima, akakata, akachomelea siku ileile. Kilitoka kizuri, pembe zimekaa sawasawa. Nilikipapasa mpaka akanicheka.

Mke wangu hakukipapasa. "Mkono huo haushiki hata kikombe, leo unataka kwenda nao kuvua?"

"Siendi nao. Naenda na mwenzake."

"Na ukianguka tena?"

"Kwenye boti mtu anakaa. Nitaanguka nikiwa nimekaa."

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka hata akiwa amenuna.

Siku ya kukifunga, boti ikiwa imeshavutwa hadi karakana, fundi alikuja amepoa. Akagonga ubao kwa nyundo, akatikisa kichwa. Akachukua bisibisi akaichomeka chini pembeni, karibu na tundu la kutolea maji, ikazama hadi kwenye mpini. Akaichomoa imegandwa na unga wa mbao, mweusi, mbichi.

"Baba mdogo, ubao wote umeoza. Na mbavu zinazoushika pia. Hata nikiweka ubao mpya utashikwa na nini? Nikifunga injini hapa nitakuwa nimekuua."

Mtu mwenye akili zake angesema, hebu toboa na hapa katikati tuone unga unaotoka. Ndivyo ubao unavyopimwa, na mimi nimewapimia watu wengi. Lakini mimi sikupima. Nilikuwa nimeshajiona majini. Na huyu ni mwanangu, nimwambie atoboe kwani simwamini? Nikarudi kitini. Wiki nzima sikusema na mtu, hata matusi yaliniishia.

Mke wangu akawa mpole. Ananipa uji mkononi, ananifunga vifungo vya shati bila utani hata mmoja. Nikadhani ananionea huruma.

Boti ilibaki pale karakana, kila nikigeuza shingo naiona. Asubuhi moja nikasema basi, kama imekufa nitaivunja mwenyewe, asiiguse mtu mwingine. Nikachukua shoka nikaenda. Fundi alikuwa ndani anakata vyuma, kwa makelele yale hakunisikia.

Nilianzia nyuma, kwenye uozo. Nilijua shoka litazama tu, laini. Likadunda! Bega lote likafa ganzi. Nikasema labda nimepiga penye msumari. Nikasogea, nikapiga tena kwa nguvu zangu zote na hasira za wiki nzima. Kipande kikaruka, kikaniangukia mguuni, chekundu, kikavu, kinanukia mbao. Uozo uko wapi? Nikapiga tena nikiutafuta. Nikapiga ubavu unaoshika ubao, nao ukapasuka kwa urefu wake, mzima kabisa.

"Acha! Baba mdogo, acha, unaiharibu!" Fundi alikuja mbio, miwani ya kazi ikiwa bado machoni.

Nikamgeukia na shoka mkononi. "Naiharibu? Si imeoza?"

Mtu mzima mwenye watoto wake, amesimama mbele yangu anachezea glavu.

"Palipooza ni pale pembeni tu," akasema. "Kiasi cha kiganja. Mama mdogo aliniomba."

Mke wangu alikuwa ameshafika, ametoka jikoni na mikono yake ina povu. Hakukana, sitamsingizia. "Nilimwomba mimi," akasema. "Siku ile walikuleta wamekubeba kwenye nyavu zako mwenyewe, mate yanakutoka. Nani alikuvua nguo? Nani alikuosha? Siwezi kusimama pale tena nikisubiri waniletee nini. Nichukie ukitaka, lakini nichukie ukiwa hai."

"Hai wapi? Pale kwenye kiti?"

"Ndiyo," akasema, na machozi yakamtoka. "Pale kwenye kiti."

Nilimchukia, na nilitamani nimfute machozi, vyote kwa pamoja, na mkono wangu mmoja ulikuwa na shoka. Nikageukia boti. Ubao wa nyuma ulikuwa umekatika vipande, ubavu umepasuka hadi chini kabisa. Hayo hakuyafanya yeye, wala fundi. Niliyafanya mimi.

Nikaliweka shoka chini. "Haya, yameshatokea," nikamwambia fundi. "Sasa angalia vizuri, uniambie ukweli. Inatengenezeka, haitengenezeki?"

Akapiga magoti. Akapitisha kidole kwenye ufa, akaukagua ubao mbele na nyuma, akachungulia chini. Halafu akainua uso, akamtazama mama yake mdogo kwanza, ndipo akanijibu, nami sikujua tena jibu ni lake au la mke wangu.