Chupa ya Vifundo Viwili

Jirani aliniambia nikianika nguo: vidonge vya binti yangu vimepata baba mwingine. Nikajifanya kucheka, lakini ule uvumi ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Binti yangu yuko maabara ya kiwanda cha rangi za nguo. Anachukua uji wa mwani uliochanganywa na vijidudu hai, anaudondosha kwenye maji ya dawa. Tone likigusa maji linaganda, linakuwa kidonge kidogo kuliko punje ya mtama. Halafu anakivika ganda jembamba. Ganda lile ni kama chandarua: maji machafu yanaingia, vijidudu vinakula rangi, vyenyewe havitoki. Kazi ya macho na mgongo.

Huyo baba mwingine ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mwenyewe. Yuko ofisini kiwanda kile kile, na wanamwita Bwana Tai kwa ile tai asiyoivua shingoni. Aliwaambia wakubwa vidonge ni vyake, siku ya wageni atavionyesha yeye, na binti yangu ahamishiwe kuosha vyombo.

"Mama, niende nikaseme?" Binti alikuwa analia.

"Thubutu! Siku hiyo simama karibu yangu, ufunge mikono."

Familia zilialikwa, nikaenda. Mezani palikuwa na bakuli la vidonge vilivyochujwa na chupa mbili za maji maangavu, huwezi kuzitofautisha. Wino hufutika kwa glavu mbichi, kwa hiyo binti yangu hufunga uzi shingoni mwa chupa. Kifundo kimoja, maji ya kuhifadhia, ndiyo ya kuvimiminia vidonge mbele ya wageni. Viwili, dawa ya kuyeyusha vidonge wanapotaka kuhesabu vijidudu. Aliyewahi kuifanya kazi ile anajua. Bwana Tai hajawahi hata kulowa kidole.

Akazitazama chupa, jasho likamtoka. Akajisogeza kwetu.

"Mama mdogo, mwambie dada aninong'oneze. Ipi?"

"Muulize mwenye vidonge, mwanangu," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Kwani si wewe?"

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani. Akamimina ya vifundo viwili. Vidonge vikalegea, vikavimba, vikapasuka. Bakuli zima likawa uji.

"Pole, baba watoto," nikamwambia.

Mkurugenzi akauliza nani anaweza kutengeneza vingine. Binti yangu akanitazama. Nikamwambia, "Sasa fungua mikono." Akavaa glavu, akadondosha tone baada ya tone, mbele ya tai ile ile. Leo meza ile ni yake, na anayeosha vyombo ni yule. Dada yangu hanisemeshi. Na asinisemeshe! Nikimkumbuka mwanawe ameukodolea macho ule uji, chai yangu haihitaji sukari.

Wewe mwenye mtoto kazini, mwambie aepuke haya:

Kumwachia ndugu aseme kwa niaba yake mbele ya wakubwa.
Kuonyesha kazi kabla wakubwa hawajajua ni ya nani.
Kulia mbele ya mwizi.
Kumnong'oneza jibu, hata akimwita dada.